Kuchagua Pampu ya Maji kwa Tangi Kubwa la Samaki Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wafugaji wa samaki wa mapambo nchini Uganda ambao tangi lao la kioo lina lita 300 au zaidi, yaani tangi ambalo kichujio kidogo cha kuning'iniza pembeni hakiwezi tena kulihudumia. Msimamo unaoyaongoza ni kwamba pampu huchaguliwa kwa kiasi cha maji inachofikisha juu pale ilipofungwa, na kwa namna itakavyostahimili umeme wetu, wala si kwa tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi.

Pampu ya maji ina kazi gani, na inatofautianaje na pampu ya hewa?

Pampu ya maji huyapitisha maji kwenye kichujio na kuutikisa uso wa tangi ili oksijeni iingie na kaboni dayoksaidi itoke. Kazi ya kwanza ndiyo nzito zaidi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula yakioza huiongeza amonia hiyo. Bakteria wanaoishi kwenye sponji na vijiwe vya kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huistahimili hadi siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao hawafanyi kazi bila maji yanayopita na bila oksijeni. Pampu ya hewa hupuliza hewa kupitia mpira mwembamba hadi kwenye jiwe la mapovu. Husaidia sana upande wa oksijeni, lakini peke yake haiwezi kupitisha maji ya tangi kubwa kwenye kichujio kwa kiwango kinachotakiwa.

Nitajuaje tangi langu lina lita ngapi?

Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Pima kimo cha maji, si cha kioo. Tangi la sentimita 150 kwa 60 lenye maji ya kimo cha sentimita 55 lina lita 495, na ukiondoa nafasi ya mchanga na mawe unabaki na lita 450 hivi. Tangi hilo ndilo nitakalolitumia kama mfano katika majibu yanayofuata.

Nahitaji pampu ya lita ngapi kwa saa?

Kwa tangi la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, lenye samaki wa aina mbalimbali wasio wengi kupita kiasi, maji yote yanapaswa kupita kwenye kichujio mara 4 hadi 6 kwa saa. Kwa samaki wachafuzi, kama vile goldfish, au kundi kubwa la samaki wa jamii ya ngege na nkejje (samaki wadogo wa Ziwa Victoria), lenga mara 8 hadi 10. Tangi lililopandwa mimea mingi na kuwekwa samaki wachache hutosheka na kiwango cha chini. Kwa tangi letu la mfano, mara 6 ni lita 2,700 kwa saa.

Tarakimu hizi ni kipimo cha kuanzia tu. Mwendo wa maji usioendana na samaki waliomo ni kosa hata kama hesabu ni sahihi: goldfish wenye mikia mirefu huchoka wakisukumwa mchana kutwa, na samaki warefu bapa wa kutoka Amazonia, kama angelfish na discus, hupenda maji matulivu. Ukiwa na samaki wa aina hiyo, usipunguze uchujaji. Panua mdomo wa paipu ya kurudishia maji, au elekeza maji kwenye kioo, ili kiasi kilekile kiingie kwa upole.

Boksi limeandikwa lita 3,000 kwa saa. Je, nitapata lita 3,000?

Hutazipata, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kipimo cha boksi ni kile ambacho pampu hutoa ikiwa haipandishi maji hata sentimita moja na haina paipu wala kona mbele yake. Pembeni ya kipimo hicho, mara nyingi kwa herufi ndogo, huandikwa kimo cha juu kabisa, kwa kawaida kwa alama ya H-max. Kimo hicho si kimo ambacho pampu itafanyia kazi vizuri. Ni kimo ambacho maji husimama ndani ya paipu na hakuna tone linalotoka. Kati ya mwisho huu na ule, maji hupungua kadiri kimo kinavyoongezeka.

Chukua mpangilio wa kawaida, ambapo sampu, yaani tangi dogo la kuchujia maji, imekaa ndani ya kabati chini ya tangi na pampu imezama humo. Kimo kinachohesabiwa ni kutoka uso wa maji ya sampu hadi mahali pa juu kabisa ambapo paipu hupita, na katika nyumba nyingi ni mita 1.2 hivi. Pampu ya lita 3,000 yenye kimo cha juu cha mita 3 imekwisha kutumia sehemu mbili kwa tano za uwezo wake kabla maji hayajafika juu, kwa hiyo kwa makisio ya haraka itatoa kama lita 1,800. Ukitaka lita 2,700 kwa kimo hicho, pampu ya lita 4,000 yenye kimo cha juu cha mita 4 inakufikisha kwa shida, na ile ya lita 4,500 inakupa nafasi ya kufidia kona na uchafu.

Watengenezaji makini huchora jedwali au mchoro wa mstari unaoonyesha lita kwa kila kimo. Ukiupata, uamini kuliko makisio yangu, kwa sababu mstari halisi haunyooki kama rula. Pampu isiyoonyesha hata kimo cha juu kwenye mwili wake wala kwenye karatasi yake, mimi singeinunua kwa bei yoyote.

Angalia pia kipimo kilichotumika. Pampu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa galoni kwa saa, na galoni ya Marekani ni lita 3.785, kwa hiyo galoni 800 ni kama lita 3,000.

Je, kichujio cha nje chenye kopo lililofungwa nacho hupoteza nguvu kwa sababu ya kimo?

Si kwa namna hiyo. Kopo, mpira unaoshusha maji na mpira unaoyapandisha vyote vimejaa maji na vimeungana, kwa hiyo uzito wa maji yanayoshuka husawazisha uzito wa yale yanayopanda. Pampu yake hupambana tu na msuguano wa mipira na wa sponji zilizomo. Sponji zikichafuka mtiririko huporomoka, na lita zilizoandikwa kwenye boksi la kichujio huwa zimepimwa mara nyingi kopo likiwa tupu. Tarajia pungufu ya theluthi moja au zaidi kopo likishajazwa vijiwe na sponji.

Nitapimaje mtiririko halisi nyumbani?

Kipimo tunacho katika kila nyumba: jerikani ya lita 20. Tafuta moja iliyokatwa sehemu ya juu, au ndoo yenye alama, ujazie maji kutoka kwenye mdomo wa paipu ya kurudishia, huku mwenzako akihesabu sekunde kwa simu. Gawanya 72,000 kwa sekunde ulizopata, na jibu ni lita kwa saa. Sekunde 30 ni lita 2,400. Sekunde 24 ni lita 3,000. Mdomo wa paipu ubaki kwenye kimo chake cha kawaida wakati wa kupima, kwa kuwa ukiushusha hadi sakafuni unapunguza kimo na pampu itaonekana bora kuliko ilivyo. Jaza sampu kwanza, kwa sababu lita 20 zikichotwa ghafla pampu inaweza kubaki ikivuta hewa.

Andika matokeo ya siku ya kwanza kwenye ukuta wa ndani wa kabati. Baada ya miezi michache utayalinganisha na kujua, bila kubahatisha, kama pampu imechafuka au imechoka.

Paipu na kona zina umuhimu gani?

Zina umuhimu mkubwa kuliko mafundi wengi wanavyokubali. Kwa kiasi kilekile cha maji, ukipunguza kipenyo cha paipu kwa nusu, msuguano huongezeka takriban mara 30. Fundi anayefunga pampu ya lita 4,000 kwa paipu ya inchi nusu, kwa sababu ndiyo iliyobaki alipomaliza kufunga bomba la jikoni, amekunyang'anya sehemu kubwa ya pampu uliyoilipia. Kwa lita 3,000 hivi kwa saa tumia paipu ya inchi moja, na kwa vyovyote usiwe na paipu nyembamba kuliko mdomo wa pampu yenyewe. Mahali pa kona kali, weka kona mbili za pole au mpira unaojipinda taratibu. Ukitaka kupunguza mtiririko, weka valvu upande wa kutolea maji. Ukibana upande wa kuvutia, pampu hukosa maji, huvuta mapovu, hupiga kelele na kuharibika upesi.

Kwa nini unapendekeza pampu mbili za wastani badala ya moja kubwa?

Kwa sababu tangi kubwa lenye pampu moja linategemea kipande kimoja cha plastiki kinachozunguka usiku na mchana. Pampu ikifa saa nane usiku, au ukiwa umesafiri kwenda kijijini Jumamosi, utakachokikuta ukirudi hakirekebishiki. Na hapa kwetu rota au ekseli ya pampu fulani haipatikani kila siku. Nje ya Kampala unaweza kusubiri basi lilete kipuri kwa wiki nzima.

Kwa tangi letu la mfano, pampu mbili za lita 2,500 zenye kimo cha juu cha mita 3, kila moja na paipu yake, zitatoa kama lita 1,500 kila moja, jumla lita 3,000. Moja ikisimama, tangi bado linapata zaidi ya mara 3 kwa saa, kiwango kinachowaweka samaki na bakteria hai hadi utakapopata nyingine. Jihadhari tu na mtego mmoja: pampu ndogo sana huwa na kimo cha juu kidogo pia. Pampu mbili za lita 2,000 zenye kimo cha juu cha mita 2 hazitakupa zaidi ya lita 1,600 hivi kwa pamoja kwa kimo cha mita 1.2, ingawa kwenye maboksi zinaonekana kukaribia zile za kwanza.

Gharama ya ununuzi hupanda kidogo, ndiyo. Nadhani ni gharama inayostahili kabisa, na ningependelea mtu anunue tangi dogo zaidi lenye pampu mbili kuliko tangi la fahari lenye pampu moja.

Naweza kutumia pampu ya kupandishia maji kwenye tangi la paani?

Hapana. Pampu hiyo imeundwa kusukuma maji juu sana kwa muda mfupi, kisha ipumzike. Ile ya nusu nguvu-farasi hutumia wati 370 hivi, ambazo kwa saa 24 ni karibu yuniti 9 kila siku. Zaidi ya hapo, nyingi zina sehemu za shaba nyeupe ndani, na shaba ikiyeyuka majini ni sumu kwa samaki, na kwa konokono na kamba ni sumu kali zaidi. Pampu za kuzamisha kisimani nazo mara nyingi hujazwa mafuta ndani ya mota, na mpira wa kuzibia ukichakaa mafuta hayo huishia tangini. Nunua pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki, ambayo rota yake ni sumaku inayozungushwa na koili zilizofunikwa kabisa kwa plastiki ngumu.

Nichague pampu ya umeme wa kawaida au ile ya umeme wa betri yenye kidhibiti?

Pampu ya umeme wa kawaida huchomekwa ukutani, ni rahisi, haina mambo mengi, na ikitunzwa hudumu miaka. Pampu ya umeme wa betri, yaani ya voti 12 au 24, huja na adapta na kidhibiti cha kuongeza au kupunguza kasi. Kwa kazi ileile kwa kawaida hutumia wati chache na haina kelele, lakini ni ghali zaidi, na kidhibiti chake ndicho huwa cha kwanza kuharibika umeme unapopanda na kushuka.

Kwa mwenye sola nyumbani, hasa mfumo wa voti 12 ulio katika nyumba nyingi za mijini na vijijini, pampu ya voti 12 ina faida kubwa: inaweza kuendeshwa moja kwa moja na betri bila inveta kati yake. Hakikisha tu kwamba mtengenezaji ameruhusu hivyo, kwa kuwa betri ya voti 12 ikichajiwa hupanda kupita voti 14.

Jamaa yangu aliyeko Marekani anataka kuniletea pampu. Itafaa?

Pampu ya umeme wa kawaida kutoka Marekani imeundwa kwa voti 120 na hezi 60, ilhali umeme wa Uganda ni voti 240 na hezi 50. Ukiichomeka hivi hivi itaungua. Ukitumia transfoma ya kushusha voti, hezi hubaki 50, na kwa kuwa rota ya pampu hizi hufuata hezi za umeme, itazunguka mara 3,000 kwa dakika badala ya 3,600. Maji yatapungua kwa karibu moja ya sita, kimo cha juu kitashuka kwa karibu theluthi, na koili zitapata joto zaidi. Mwambie akuletee pampu ya umeme wa betri ambayo adapta yake imeandikwa voti 100 hadi 240, ama aache kuingia gharama hiyo. Pampu za Uingereza zinaendana na umeme wetu hata kwa umbo la plagi.

Umeme ukikatika nifanye nini, na jambo hili linaathiri vipi uchaguzi wa pampu?

Linaathiri kila kitu. Katika tangi lenye samaki wengi, oksijeni huanza kupungua mara tu uso wa maji unapotulia. Wakati huohuo bakteria waliomo kwenye kopo lililofungwa huendelea kutumia oksijeni iliyobaki humo ndani, na baada ya saa kadhaa huanza kufa na maji ya kopo huoza. Umeme ukirudi, pampu huyasukuma maji hayo tangini kwa mara moja. Kama umeme umekosekana usiku kucha, fungua kopo, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Sampu iliyo wazi huvumilia zaidi kwa sababu inagusana na hewa, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kuipendelea hapa nchini.

Usiwalishe samaki wakati umeme haupo. Samaki wenye afya hukaa siku kadhaa bila chakula, lakini chakula walichokula huwafanya watumie oksijeni nyingi na kutoa amonia zaidi.

Kwa akiba ya umeme, anza na kitu kidogo: pampu ya hewa ya betri au ya kuchomekwa kwenye pawabenki, yenye wati chache tu, huokoa samaki wengi kuliko mipango mikubwa isiyokamilika. Hatua ya pili ni kuweka pampu moja kati ya mbili kwenye inveta. Betri ya asidi ya voti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu yake tu, yaani 600. Pampu ya wati 30 ingekwenda saa 20 kwa karatasi. Ukitoa upotevu wa inveta, tegemea saa 15 au 16. Inveta iwe ya mawimbi laini kama ya umeme wa ukutani, kwa kuwa zile za bei nafuu zenye mawimbi ya ngazi huzifanya pampu za umeme wa kawaida zingurume na kupata joto.

Umeme unaorudi nao una hatari yake. Voti zikiwa chini, rota inaweza kutetemeka mahali pamoja bila kuzunguka huku koili zikipata moto. Kinga ya voti, ile inayouzwa kwa ajili ya friji, husubiri umeme utulie kabla ya kuuruhusu upite, na kwa bei yake hakuna sababu ya kuikosa. Hata ukiwa nayo, kila umeme unaporudi nenda ukatazame kama maji yanatoka.

Umeme ukikatika, maji hayatarudi chini na kufurika sakafuni?

Yatarudi, na lazima uyapangie mahali. Pampu ikisimama, paipu ya kurudishia hugeuka kuwa mrija wa kunyonya na kuvuta maji ya tangi hadi mdomo wake utakapotoka nje ya maji. Kwa tangi letu, kila sentimita 3 zinazoshuka ni lita 27. Weka mdomo wa paipu karibu na uso wa maji, toboa tundu dogo kwenye paipu chini kidogo ya uso huo ili hewa iingie na kukata mvuto, kisha acha nafasi tupu ya kutosha kwenye sampu. Valvu ya kuzuia maji kurudi isiwe tegemeo lako la pekee, kwa kuwa konokono mmoja au kipande cha jani kinatosha kuizuia isifunge. Jaribu kwa kuchomoa plagi mchana ukiwa umesimama hapo. Usingoje umeme ukufanyie jaribio hilo usiku.

Kinyume chake pia ni hatari: paipu ya kushushia maji iwe nene kuliko ya kupandishia, kwani isipoweza kuondoa maji kwa kasi yanayoingia nayo, tangi lenyewe ndilo litakalofurika.

Pampu itakula yuniti ngapi za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla?

Zidisha wati kwa saa 24, kisha kwa siku 30, na ugawanye kwa 1,000. Pampu mbili za wati 30 hutumia kama yuniti 43 kwa mwezi. Zidisha na bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako ya karibuni. Tofauti ya wati 20 kati ya pampu mbili dukani inaonekana ndogo, lakini ni yuniti 14 hivi kila mwezi kwa maisha yote ya pampu, na ndiyo maana ile ya bei rahisi mara nyingi huwa ghali ifikapo mwaka wa pili.

Nizingatie nini kuhusu usalama?

Waya wa pampu ushuke chini ya kimo cha soketi kabla ya kupanda kwenda kuchomekwa, ili maji yanayotiririka juu ya waya yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Fundi wa umeme akufungie swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja, ile ya miliampea 30, na ahakikishe nyumba ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Chomoa kila kifaa kabla ya kutia mkono majini. Waya wa pampu ya kuzama uliochubuka haufungwi kwa tepu. Pampu hiyo imekwisha. Nasisitiza haya kwa sababu watoto hupenda kuwagusa samaki.

Pampu yangu inanguruma. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Mara nyingi ni hewa iliyokwama ndani, mchanga kwenye rota, au mwili wa pampu kugusa kioo cha sampu. Itikise taratibu ikiwa imezama ili mapovu yatoke, isafishe, kisha iweke juu ya kipande cha sponji. Kelele ikibaki, tazama ekseli: ya kauri hupasuka ikiangushwa, ya chuma huliwa na kutu.

Maji ya bomba, ya kisima na ya mvua yanaiathirije pampu?

Maji ya bomba ya National Water hutiwa klorini, ambayo haidhuru pampu lakini huua bakteria wa kichujio. Kwa sababu hiyo sponji na vijiwe huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba. Rota na mwili wa pampu waweza kuosha utakavyo. Maji ya visima katika maeneo mengi yana madini ya chuma, ambayo huacha utando wa rangi ya kutu kwenye rota. Mengine ni magumu na huacha ukoko mweupe. Loweka vipande hivyo kwenye siki kwa saa chache, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza vizuri. Maji ya mvua hayaachi ukoko.

Ratiba ya kila miezi miwili au mitatu inatosha kwa nyumba nyingi. Mtiririko uliouandika kabatini utakuambia kama unahitaji mapema zaidi.

Kuishi nyanda za juu kunabadilisha chochote?

Kunabadilisha. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo, maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 13 yakilinganishwa na maji ya joto lilelile pwani. Kabale, iliyo karibu mita 2,000, upungufu ni kama moja ya tano, ingawa baridi ya huko hurudisha sehemu yake, kwa kuwa maji baridi hushika oksijeni zaidi. Miongozo mingi ya pampu imeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo chukua upande wa juu wa viwango vyao na uelekeze mdomo mmoja wa paipu uutikise uso wa maji. Huko Gulu na Arua joto nalo hupunguza oksijeni, na pampu za kuzama huongeza joto kidogo majini. Huko pampu yenye wati chache ni bora kwa sababu mbili.

Nafuga nkejje na samaki wengine wa ziwani. Nitahitaji pampu ya pekee?

Pampu haihitaji kuwa ya pekee, lakini mdomo wake wa kuvutia unahitaji ulinzi. Nkejje jike hubeba mayai na watoto wake kinywani, na siku anapowaachia, mdomo wa pampu usiofunikwa kwa sponji huwanyonya wote. Kwa samaki ambao baadhi ya jamaa zao walitoweka ziwani baada ya sangara kuletwa, kila kizazi kinachokua tangini kina thamani, na sponji ya bei ndogo isiwe sababu ya kukipoteza.

Kambare na kamongo huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hawategemei mtiririko kwa ajili ya kupumua, ila uchafu wao ni mwingi na uchujaji usipungue. Funika nyaya zao kwa paipu ngumu, maana kamongo ana meno ya kuponda. Sangara wa kufuga sebuleni simshauri mtu: samaki anayeweza kupita kilo 100 hana tangi la nyumbani.

Je, pampu ileile itafaa kwa maji ya chumvi?

Itafaa ikiwa tu ekseli yake ni ya kauri na hakuna chuma kinachogusa maji. Matumbawe huhitaji pia pampu za kusukasuka maji ndani ya tangi, nje ya zile za kichujio.

Nikague nini dukani kabla ya kulipa?

Omba iwashwe ndani ya beseni la maji, kamwe si ikiwa kavu, kwa kuwa maji ndiyo huilainisha na kuipoza. Izime na kuiwasha mara kadhaa mfululizo, kama umeme wetu utakavyoifanya; isiyoanza mara moja iache. Soma maandishi ya mwili wa pampu, si ya boksi tu: voti, hezi, wati, lita kwa saa na kimo cha juu. Ivute rota uone kama inatoka bila bisibisi nyingi na kama ekseli imenyooka. Pima urefu wa waya, kwani wa mita moja na nusu hautoki sampuni hadi kwenye soketi bila kiungo cha katikati, na kiungo hakitakiwi karibu na maji. Pata risiti yenye jina kamili la modeli, na kama muuzaji ana rota ya akiba ya modeli hiyo, inunue siku hiyohiyo.